Matokeo ya Budapest: tuyasome mpaka mstari wa chini



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, filamu, miziki, na mara nyingi zaidi mechi za Léopards. Leo naomba nafasi nichambue karatasi ya matokeo. Ni matokeo ya mashindano ya dunia ya kuogelea katika bwawa fupi, lile la mita 25, yaliyofanyika Budapest, Hungaria, tarehe 10 mpaka 15 Desemba 2024. Najua kuna mwenye ataniuliza: agronomu wa Buleusa anatafuta nini ndani ya pisini? Kazi niliyosomea, wandugu, nusu yake ni kusoma majedwali. Kipande hiki cha shamba kimetoa kilo ngapi, kile ngapi, na tofauti imetoka wapi: mbegu, udongo, mvua, ama mkono wa mwenye kulima. Jedwali la kuogelea ni jedwali kama yale. Na lile la Budapest naona watu wanalisoma vibaya kwa namna mbili. Kuna wanaosoma mistari ya juu tu na kupiga makofi. Kuna wanaoteremka mpaka chini wakitafuta bendera za Afrika ili wacheke.

Tuanze na juu, kwa sababu huko kweli kuna mambo. Mmarekani Gretchen Walsh alivunja rekodi za dunia 11 ndani ya siku sita, 9 peke yake na 2 pamoja na wenzake wa kupokezana, akarudi kwao na medali 7 za dhahabu. Mashindano yote yalitoa rekodi za dunia karibu 30. Katika nusu fainali ya mita 50 mtindo huru, Jordan Crooks wa visiwa vya Cayman aligusa ukuta kwa sekunde 19.90, hakuna mtu aliyekuwa amefanya hiyo mbio chini ya sekunde 20. Mswisi Noè Ponti alichukua dhahabu tatu, na mita 100 kipepeo akazimaliza kwa 47.71, rekodi nyingine tena. Ukisoma hivyo tu utasema: dunia imekwenda, sisi tumebaki kwenye mtaro.

Sasa fungua matokeo ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, miezi minne tu kabla. Mita 100 kipepeo wanawake: Torri Huske wa kwanza kwa 55.59, Walsh wa pili kwa 55.63. Ponti alitoka Paris bila medali hata moja. Crooks alifika fainali ya mita 50, jambo kubwa kwa nchi yake, na akawa wa nane. Ni watu walewale, miili ileile. Toka Agosti mpaka Desemba Walsh hakuota mapezi. Lakini kati ya 55.63 ya Paris na 52.71 aliyoogelea Budapest kuna karibu sekunde tatu, na katika mchezo ambapo alikosa dhahabu kwa sehemu nne za mia za sekunde, sekunde tatu ni bahari.

Kilichobadilika ni ukuta. Paris iliogelewa kwenye bwawa la mita 50, Budapest la mita 25. Katika bwawa refu mwenye kuogelea mita 100 anageuka mara moja. Katika bwawa fupi anageuka mara tatu. Kila akigeuka anasukuma ukuta kwa miguu yote miwili, anatoka kama jiwe la manati, na sheria inamruhusu kubaki chini ya maji mpaka mita 15 kabla kichwa hakijatokea. Piga hesabu wewe mwenyewe: mita 15 za kuanza, na 15 mara tatu za kugeuka, ni mita 60 kati ya 100 ambazo mtu anaweza kuzipitia chini ya maji. Katika bwawa refu ni 30. Na huko chini, mwenye kujua kupiga miguu pamoja kama mkia wa samaki anakwenda haraka kuliko juu, kwani hapigani na mawimbi. Walsh ni fundi mkubwa wa sehemu hiyo. Njo maana bwawa fupi linampenda.

Hapa kuna wenye kudakia: "Basi hiyo pisini fupi ni uongo, ni ya watoto, rekodi zake ni za bure." Nimesoma maneno kama hayo hata kwa watu wenye diploma kubwa kuliko yangu. Mimi nawajibu kwa maharage. Kwetu tuko na maharage mafupi, na tuko na maharage ya kupanda mti. Yale ya kupanda mti yanaweza kutoa mara mbili, hata mara tatu ya mafupi kwenye eneo moja, kwa sababu yanatumia urefu wa mti, yanapata jua pale mafupi hayafiki. Kuna mama yeyote wa Masisi anayesema maharage ya mti yanadanganya? Hakuna. Anajua yanaomba kazi nyingine: kukata miti, kuisimika, kuelekeza mashina. Kosa ni kuyaweka kwenye safu moja na mafupi halafu kusema mbegu hii ni bora kuliko ile. Bwawa fupi ni mti wa maharage. Linampa mtu ukuta mara nyingi zaidi, na kuutumia vizuri ni ufundi wa kweli. Walsh mwenyewe alikuja kuwajibu wenye mashaka: Mei 2025, kwenye bwawa refu la Fort Lauderdale, aliogelea 54.60, rekodi ya dunia, na Julai akawa bingwa wa dunia huko Singapore, bwawa refu tena.

Kwa hiyo mimi silaumu bwawa. Nalaumu mwandishi wa habari anayeandika "sekunde 19.90" bila kuandika "mita 25" pembeni. Ni dhambi ileile ya wenzangu wa kilimo. Unakuta karatasi inasema muhogo mpya unatoa tani 25 kwa hekta. Wapi? Kwenye kituo cha majaribio, tuseme Mulungu, kwa INERA, penye udongo unaojulikana, palizi kwa wakati, vipandikizi safi bila ugonjwa wa mozaiki. Ukileta mbegu ile kwenye mlima wetu, kwa mama mwenye jembe moja na watoto sita, akipata tani 8 atashukuru Mungu. Namba zote mbili ni kweli. Mwenye kuzichanganya ndiye anamuuzia mkulima ndoto, na mkulima akishindwa anaonekana mvivu.

Jambo la nani alikuja na nani hakuja nitalipita haraka. Léon Marchand, Mfaransa aliyechukua dhahabu nne peke yake Paris, hakuogelea Budapest. Mwisho wa mwaka wa Olimpiki wakubwa wengi wanapumzika, na anayechukua dhahabu mbele ya kiti kitupu ameichukua kihalali lakini tukumbuke kiti. Vilevile Warusi walirudi, bila bendera wala jina la nchi, wakaandikwa tu kama wanamichezo wasio na upande, na timu yao ya wanaume ikavunja rekodi ya dunia ya kupokezana mita 100 mara nne mitindo tofauti kwa 3:18.68. Mwenye kufungua jedwali lile baada ya miaka hamsini bila kujua kulikuwa vita Ulaya atajiuliza hii nchi isiyo na jina ilikuwa wapi kwenye ramani.

Tuteremke sasa.

Sifa kubwa ninayoipa karatasi ya matokeo ya kuogelea ni hii: inaandika wote. Wa kwanza na wa mwisho wana herufi za ukubwa mmoja. Kila mtu ana njia yake, muda wake wa kuruka kutoka kwenye jukwaa, muda wa kila kipande cha mbio, mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Ukifungua mchujo wa mita 50 mtindo huru wanaume, unateremka, unateremka, na bendera za nchi ndogo na nchi maskini zinaanza kuongezeka, kwa sababu shirikisho la dunia linaruhusu nchi zisizo na mtu mwenye kiwango zilete wachache hata hivyo. Watu wanapiga picha ya ile sehemu ya chini, wanaituma kwenye magrupu, wanaweka zile sura za kulia kwa kicheko. "Huyu alikuwa anaogelea ama anaoga?"

Kicheko hiki kina babu yake: Sydney 2000, mita 100 mtindo huru, Eric Moussambani wa Ginekweta. Alipata nafasi ile ya nchi zisizo na kiwango. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache katika pisini ndogo ya hoteli, na bwawa la mita 50 alikuwa hajaliona na macho yake. Katika kundi lake walikuwa watatu. Wawili wakaruka kabla ya ishara, wakaondolewa. Akabaki peke yake ndani ya maji, dunia nzima ikiangalia, na mita za mwisho alikuwa karibu kuzama. Dakika 1 na sekunde 52.72. Mshindi wa mashindano, Mholanzi Pieter van den Hoogenband, alitumia 48.30. Watu wamecheka miaka zaidi ya ishirini. Wachache wanajua sehemu ya pili: Moussambani aliendelea na mazoezi, akashusha muda wake mpaka chini ya sekunde 57, na tatizo la viza likamzuia kwenda Athens 2004. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Toka 1:52 mpaka chini ya sekunde 57! Mkulima akipunguza hasara ya mavuno yake kwa kiasi hicho tunamuita kwenye semina, tunamvalisha kofia ya mradi. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mafanikio ya Moussambani na mtu aliyepunguza rekodi ya dunia kwa sehemu saba za mia za sekunde, nitachelewa kujibu.

Sisi pia tumo chini kule. Paris 2024 nchi yetu ilikuwa na muogeleaji, Aristote Ndombe, mita 50 mtindo huru. Hakupita mchujo. Kwenye magazeti yetu alipata mstari mmoja, na wengine hawakumpa hata huo. Nchi yenye mto wa pili duniani kwa wingi wa maji, yenye Kivu, Edouard, Albert, Tanganyika, Moero, Mai-Ndombe, na muogeleaji wake hajulikani kwa jina hata na wasomi wake. Fanya jaribio: uliza wenzako watano wa auditoriamu.

Na hapa ndipo nalikosoa jedwali lenyewe. Linasema ukweli kuhusu sekunde, lakini linanyamaza kuhusu mabwawa. Tazama tena Crooks. Pembeni ya jina lake imeandikwa Cayman, nchi ya watu wasiofika 100,000. Msomaji mvivu atasema: mnaona, hata nchi ndogo inaweza, ninyi Wakongo zaidi ya milioni mia mnangoja nini? Jedwali halijaandika kwamba kijana huyo amefundishwa katika Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, kwenye mabwawa na makocha wa kule. Kirsty Coventry wa Zimbabwe ana medali saba za Olimpiki, na toka 2025 ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Naye alipitia Chuo cha Auburn, Alabama. Jirani yetu Mkenya Jason Dunford, aliyeweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo kwenye mchujo wa Beijing 2008, sekunde 51.14, rekodi iliyoishi dakika chache tu kabla Mserbia Milorad Čavić hajaivunja, na aliyemaliza wa tano kwenye fainali, alikuwa mwanafunzi wa Stanford. Siwapunguzii kitu. Vipaji ni vyao na jasho ni lao. Nasema tu kwamba herufi tatu za nchi pembeni ya jina hazikuonyeshi mtu alifanyia mazoezi wapi, na sisi tunazisoma kana kwamba zinaonyesha. Ni sawa na kuandika "mbegu ya Walikale" juu ya gunia lililozalishwa Mulungu.

Toka 1993, yalipoanza Palma, mashindano haya ya bwawa fupi yamezunguka Ulaya, Asia, Amerika mbili, Ghuba mara tatu (Dubai 2010, Doha 2014, Abu Dhabi 2021), Australia. Afrika hayajafika hata mara moja. Hata hivyo Mwafrika wa Kusini Chad le Clos ameyachukulia medali nyingi kuliko waogeleaji wengi wa Ulaya. Melbourne 2022 tu alirudi na dhahabu mbili za kipepeo. Kama ningekuwa na uwezo ningeongeza safu moja kwenye jedwali: nchi hii ina mabwawa mangapi ambayo mtoto wa mtu wa kawaida anaweza kuingia bila kulipa bei ya chumba cha hoteli. Naamini safu hiyo na safu ya sekunde zingefuatana kama mvua na majani.

Mtu asidhani nawatetea wa mwisho kwa huruma. Nawatetea kwa sababu ya kazi. Katika mafunzo yetu tulifundishwa kwamba kipande kilichokufa kinaandikwa. Kama mbuzi wameingia, andika mbuzi. Kama mwenye shamba amekimbia vita na nyasi zimemeza muhogo, andika. Halafu unatoka chuoni, unakutana na ripoti za miradi (sitautaja hata mmoja) zenye kurasa arobaini, picha za wakulima watano wa mfano wakishika mihogo kama watoto wachanga, na wastani mmoja mzuri katikati. Wale wa chini wako wapi? Niliuliza swali hilo kwenye mkutano wa kutoa ripoti, nikajibiwa kwamba "walijiondoa". Hawakujiondoa, wandugu. Walikuwa wamelala kwenye shule na kanisa za kijiji kingine na familia zao. Waogeleaji wamewashinda wataalamu wetu kwa jambo moja: mtu wao wa mwisho ana jina, ana njia, ana muda. Na asiyeruka, karatasi inaandika kwamba hakuruka.

Kuna jambo lingine la wiki ile ya Budapest ambalo sikuona mtu akiliunganisha. Tarehe 13 Desemba 2024, rekodi zikiwa bado zinaanguka pale Hungaria, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kwanza kuhusu kuzama duniani kote. Mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji. Zaidi ya tisa kwa kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu hawakuwa wamefika miaka 30, yaani ni sisi wenyewe na wadogo zetu. Toka mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo duniani kimeshuka kwa asilimia 38. Ulaya kimeshuka kwa asilimia 68. Katika kanda ya Afrika, asilimia 3. Hilo nalo ni jedwali la kuogelea. Na pale chini hatuko kwa sababu ya miguu mizito.

Miezi miwili mbele ya ripoti ile, tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, watu na mizigo wote wakawa wanapita ziwani. Hesabu ya kwanza aliyoitoa gavana wa Kivu ya Kusini ilikuwa watu 78 waliokufa. Wengi wetu tuliiona kwenye simu: boti inalala ubavu, ufuko unaonekana. Mwaka 2019 ilikuwa upande wa Kalehe, Rais akatangaza watu 150 hawajulikani walipo, na amri ya kuvaa gile za kuokolea ikatolewa. Gile ni jambo la kwanza na sitaki mtu aseme nimeliacha. Boti iliyopakia kupita kiasi itaua hata bingwa wa Budapest akibanwa ndani. Lakini kati ya boti na ufuko kuna mita kadhaa, na katika mita zile kuna mwenye kufika na mwenye kutofika.

Huku kwetu hatuna ziwa. Tuko na mito. Lowa, Oso, na ile midogo isiyo na jina kwenye ramani ila kila mtoto anaijua, ambayo mwezi wa tano unaivuka na maji kwenye magoti na mwezi wa kumi inabeba daraja la magogo. Mama anapita juu ya gogo moja na kikapu cha muhogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akiteleza, kikapu kile kinamvuta chini kabla hajafungua kamba. Na karibu kila familia inayosoma hapa imekimbia angalau mara moja, na ukikimbia usiku hauchagui kivuko. Lakini shuleni, saa ya mazoezi ya mwili ni mpira na kukimbia kuzunguka uwanja, na wasichana mara nyingi wanafagia. Vijana wachache wanajifunza kuogelea wenyewe kwa kuwaibia wazazi muda. Msichana anayejua kuogelea, namuona kwa nadra sana.

Sasa rudini kwenye namba 25. Bangladesh ni nchi ya maji na ya maskini, na watoto walikuwa wanakufa kwenye mabwawa ya vijiji. Wakaanzisha programu inayoitwa SwimSafe. Hawakungoja pisini. Walichukua bwawa la kijiji, wakajenga ndani yake jukwaa la mianzi lenye sakafu na ukingo ili mtoto asimame bila kuzama, wakafundisha vijana wa palepale kuwa walimu. Kuhitimu, mtoto lazima aweze kuogelea mita 25, kuelea sekunde 30, na kujua namna ya kumsaidia anayezama bila kumrukia. Tathmini ilionyesha kwamba watoto waliofundishwa walikufa maji kidogo sana kuliko wenzao, tofauti ya zaidi ya asilimia 90. Mita 25 ni urefu mmoja wa bwawa la Budapest, kabla ya kugeuka. Nilipoiona namba hiyo upande ule, nilirudi kuangalia jedwali la mchujo na nikaona kwamba yule wa mwisho kabisa, yule wa picha za kicheko, alizifanya mita hizo mara mbili. Ziwani angekuwa amefika ufuko.

Najua hoja zitakazokuja, kwani mimi pia ni mtu wa udongo. Mabwawa ya samaki tuliyochimba Walikale, yale ya tilapia, hayafai. Mengi yana kina cha kiuno, hilo ni zuri, lakini tunayalisha kwa samadi na mboji, na kumuingiza mtoto mle ni kumpeleka kwa muuguzi. Mto wenyewe ni bora, pale unapopinda na maji yanapopoa, wakati wa kiangazi, na uzio wa mianzi upande wa chini ili mkondo usimchukue mtu. Mianzi tuko nayo. Kamba tuko nayo. Mwalimu ndiye hatuna, na mzazi atauliza nani anajibu kama mtoto amekufa katika somo la kutokufa. Ni swali la haki na silidharau. Bangladesh walilijibu kwa kuweka watoto wachache kwa kila mwalimu na kutomuacha hata mmoja ndani bila mtu mzima kumwangalia. Sisi tunaweka sitini katika darasa moja. Mtoni haiwezekani, lazima tukubali kufundisha wachache wachache na itachukua miaka.

Mashindano yajayo ya bwawa fupi ni Beijing, Desemba 2026. Rekodi zitaanguka tena, hiyo haina shaka, na nitakuwa nimeshanunua megabaiti. Ila kama kuna mwenzetu wa Minova, Sake, Kalehe ama Idjwi aliyekwisha kuona watoto wakifundishwa kuogelea ziwani kwa utaratibu, namuomba aandike hapa chini: kina kilikuwa kiasi gani, walitumia kamba gani, wasichana walivaa nini ili wazazi wakubali, na nani alimlipa mwalimu.